Chema Hakijiuzi Katika Barua ya Kazi

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikisoma barua za maombi ya kazi kwa niaba ya nyumba za wageni za Lamu mjini na Shela, na kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi halitokani na uvivu bali na adabu. Tumelelewa na methali isemayo kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, kwa hiyo aliyefunzwa vyema kwao huona haya kuyaandika aliyoyafanya kwa mkono wake. Mtaani methali hiyo ni kweli, kwa kuwa kila mtu ameuona mlango ulioutia nakshi au ameionja pilau uliyopika arusini. Mwajiri aliyefika kisiwani mwezi uliopita hakuona wala hakuonja, na alicho nacho mezani ni karatasi yako tu.

Wengine hukimbilia upande wa pili na kuijaza barua sifa: mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma. Sijapata kupokea barua ya mtu aliyejiita mvivu, kwa hiyo maneno hayo huyaruka.

Mwaka jana kijana mmoja wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua kisiwani Lamu, aliniletea barua yake niitazame kabla hajaipeleka kwenye hoteli iliyotafuta fundi wa matengenezo. Tangazo lilitaka mtu ajuaye useremala, awezaye kuzitunza mashua mbili za hoteli na kukadiria gharama za vifaa. Barua ilianza na shule ya msingi, ikapitia alama za mtihani, na mwishoni kabisa ikasema, "Pia nimewahi kufanya kazi ya mashua."

"Mwanangu, kazi gani hasa?" nikamwuliza.

"Ni kumsaidia ami tu, maalim. Si ajira."

Nilipomhoji, ilibainika kwamba kwa misimu minne alibadilisha mataruma yaliyooza, yaani mbavu za mashua, akatia kalafati ya kuziba nyufa za mbao, na yeye ndiye aliyetumwa kununua mbao na misumari, kwa sababu ami yake aliiamini hesabu yake. Mambo yote matatu ya tangazo alikuwa nayo, na yote ameyaficha ndani ya neno "pia". Tuliandika upya hivi: "Kwa misimu minne nimetengeneza mashua Matondoni chini ya fundi mkuu, nimebadilisha mataruma, nimetia kalafati, na nimekadiria na kununua mbao na misumari ya kila chombo. Kwa hiyo naweza kuzikagua mashua zenu kabla ya msimu wa wageni na kuwapa makadirio ya vifaa kabla kazi haijaanza." Sentensi ya pili ndiyo ambayo wengi huiacha, wakidhani kwamba mwajiri ataunganisha mwenyewe yaliyopita na anayoyahitaji, lakini mwenye barua sitini mbele yake haunganishi chochote.

Sharti usilolitimiza litaje kwa sentensi moja, bila kuomba radhi, kisha uendelee.

Upo pia ushahidi wa maandishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoacha kazi, ikiwa ulimtumikia kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Cheti hicho hutaja tarehe za kuanza na kumaliza, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia. Mwajiri halazimiki kueleza tabia yako wala ubora wa kazi yako, kwa hiyo usinung'unike ukikiona kikavu. Aliyejifunza ufundi kwa jamaa, bila kuajiriwa, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, unaoanzia daraja la 3 hadi la 1, na karatasi yake ikaeleweka hata kwa mwajiri asiyejua Matondoni iko wapi.

Kijana wetu alitaka kumweka ami yake kuwa mdhamini. Nilimkataza, kwani ami atamsifu tu, na mwajiri analijua hilo. Badala yake alimtaja nahodha mmoja ambaye chombo chake walikifanyia kazi mwaka uliotangulia. Nahodha huyo si mtu wa barua, lakini hoteli ilipompigia simu aliweza kueleza ni mataruma yapi yaliyobadilishwa, yapi yaliyoachwa, na kwamba tangu siku hiyo chombo hakijavuja.