"Alleged" na ndugu zake: maneno ya Kiingereza ya jambo lisilothibitika

Taarifa ya Kiingereza ikiandika "the alleged thief", neno alleged linabeba mambo mawili: yupo aliyemtuhumu mtu huyo, na hatia yake haijathibitishwa. Halisemi kwamba tuhuma ni ya uongo. Kwa Kiswahili tunatumia "anayedaiwa", na hapo ndipo wengi huteleza.

Tuseme nyavu za mvuvi wa Kirumba, Mwanza, zimechukuliwa usiku kibandani na kijana mmoja amekamatwa. Kuandika "mwizi anayedaiwa kuiba nyavu" ni kosa. Umeshamwita mwizi kabla ya hakimu. Andika "kijana anayedaiwa kuiba nyavu". Na kama kufuli limekatwa, wizi wenyewe hauna ubishi, basi usiandike "wizi unaodaiwa kutokea". Neno la shaka likae penye shaka, yaani kwa aliyetenda.

Angalia pia usiliache "anadaiwa" likining'inia. "Kijana anadaiwa" peke yake ni deni. Msomaji atadhani ana mkopo wa injini ya mtumbwi. Kitendo kifuate papo hapo: anadaiwa kuiba, anadaiwa kuvua kwa kokoro.

Akiwa mikononi mwa polisi ni mtuhumiwa; akisomewa mashtaka mahakamani ni mshtakiwa. Akitiwa hatiani, alleged inaondoka. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa wa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Lakini allegedly ("inadaiwa") si hirizi: kwa sheria ya kashfa ya Uingereza, anayerudia maneno ya mwingine huweza kuwajibika kama vile ameyasema yeye.

Reportedly ni jepesi zaidi. Halina mshtaki, lina mleta habari tu: "imeripotiwa", au "inasemekana" kama chanzo hakitajwi. Linafaa sana kwenye idadi zinazobadilika. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 20, 2018, waliotajwa kufa jioni ile walikuwa makumi. Hesabu ya mwisho ilipita 220. Aliyeandika ya kwanza kama hesabu iliyofungwa alilazimika kujisahihisha siku baada ya siku. Bora kutaja aliyetoa idadi na saa aliyoitoa.

Purported huenda zaidi na vitu: barua, cheti, picha. "A purported letter from the council" ni barua inayojionyesha kuwa ya halmashauri. Barua ipo, umeishika. Kinachotiliwa shaka ni ilikotoka. So-called mara nyingi lina dharau ndani yake, sawa kabisa na "eti" letu. "Eti mtaalamu" si shaka tena, ni hukumu, kwa hiyo lisiingie kwenye habari ya mahakamani.

Lenye mtego kuliko yote ni apparent. Kamusi hukupa "dhahiri", nawe ukaandika "alijiua dhahiri" kwa "apparent suicide", kumbe umegeuza maana. Pale linamaanisha dalili zilizoonekana zinaelekea huko, uchunguzi bado: "inaonekana alijiua". Ila kwenye "heir apparent" maana ya dhahiri inarudi; huyo ni mrithi ambaye hata akizaliwa mtoto mwingine, nafasi yake haiondoki.