Kiwambo cha seli na kimeng'enya: maneno mawili yanayosema nusu ya ukweli

Kiwambo kimetokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma hadi ikakaza. Kimeng'enya kimetokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo. Ukiyachukua maneno haya jinsi yalivyo, utadhani seli ni kifuko cha ngozi iliyokakamaa, na ndani yake mna visu vinavyokatakata tu. Sivyo kabisa.

Tuanze na kiwambo, yaani ukuta mwembamba unaoizunguka seli. Unene wake ni nanomita 7 au 8 hivi, kwa hiyo ungelazimika kupanga zaidi ya viwambo 10,000 kimoja juu ya kingine ndipo ufikie unene wa karatasi ya kawaida. Kimejengwa zaidi kwa mafuta yanayoitwa fosfolipidi. Kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikiwekwa majini, molekuli hizi hujipanga zenyewe safu mbili: vichwa nje, mikia ikifichana katikati. Hakuna anayezishona. Wala hazitulii, maana huteleza na kupishana muda wote, huku protini zikielea katikati yake. Picha hiyo ya kitu kinachotiririka ilielezwa na wanasayansi Singer na Nicolson mwaka 1972. Ndiyo maana wengine husema utando wa seli, na mimi naona wako karibu zaidi na ukweli: unafanana na utando wa mafuta juu ya maji kuliko ngozi ya ngoma.

Kazi yake ni kuchagua. Oksijeni na kaboni dioksaidi hupenya bila kuuliza. Sukari na chumvi haziwezi, kwa sababu mafuta yale ya katikati hayazipokei. Lazima zipitie milango ya protini. Maji nayo hupenya kidogokidogo, lakini yana mlango wake wa haraka uitwao akwaporini, ugunduzi uliompa Peter Agre Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Kiazi kibichi kinatosha kukuonyesha hili. Kata kipande chembamba, ukiache saa moja kwenye maji yenye chumvi nyingi. Kitalegea, ukikipinda kinapindika. Chumvi imeshindwa kuingia kwa urahisi, basi maji ndiyo yaliyotoka kuifuata. Huko ndiko kuitwako osimosisi.

Kuna milango mingine inayofanya kazi kinyume cha mkondo. Pampu ya sodiamu na potasiamu hutoa chembe 3 za sodiamu nje na kuingiza chembe 2 za potasiamu ndani, na kila mzunguko huigharimu molekuli moja ya ATP, ile inayobeba nishati ya matumizi ya kila siku ya seli. Mwanasayansi Jens Skou aliyeieleza mwaka 1957 hakuwa akitafuta mlango. Alikuta kimeng'enya kinachovunja ATP. Pampu hiyo ni vyote viwili kwa wakati mmoja.

Sasa kimeng'enya ni nini hasa? Mara nyingi ni protini iliyojikunja na kuacha kishimo chenye umbo maalumu. Kitu kinachokaa sawasawa kwenye kishimo hicho hubadilishwa, kisha huachiwa, na kimeng'enya hubaki kama kilivyokuwa, tayari kwa kingine. Mwanakemia Emil Fischer alikifananisha na kufuli na ufunguo mwaka 1894. Mfano mzuri, ila mgumu mno: baadaye, mwaka 1958, mwanasayansi Koshland alieleza kwamba kimeng'enya nacho hujirekebisha kidogo kinapokipokea kitu chake. Hakiongezi nguvu yoyote. Kinachofanya ni kupunguza kilima cha nishati ambacho kemia ingelazimika kukipanda, na jambo ambalo lingechukua miaka likatokea mara moja.

Rudi kwenye kiazi. Kipande kibichi kidondoshee haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda. Povu hufumka papo hapo: kimeng'enya kiitwacho katalesi kinaigeuza kuwa maji na oksijeni. Fanya hivyohivyo kwa kipande kilichochemshwa na kupoa, na hutaona kitu. Joto limeikunjua protini, kishimo kimepotea.

Hapo katalesi imevunja, kama jina linavyotaka. Lakini DNA polimerasi, inayounganisha vipande na kutengeneza nakala ya DNA, ile molekuli inayobeba maelekezo ya urithi, kila seli inapojiandaa kugawanyika, nayo ni kimeng'enya. Hiyo ndiyo nusu ya pili ambayo neno letu halikuisema.

Na vyote viwili hutegemeana. Kiazi ulichokikata na kukiacha mezani hugeuka rangi ya kahawia, ingawa kizima kilikuwa cheupe ndani. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kilikuwamo tangu mwanzo, na kemikali ziitwazo fenoli kinazozibadilisha zilikuwamo pia, ndani ya seli ileile, ila kila kimoja chumba chake na viwambo katikati. Kisu kilipasua kuta, vikakutana, na hewa ikaleta oksijeni. Lakini kitumbukize kwanza kwenye maji yanayochemka hadi joto lifike ndani: viwambo vitaharibika, kila kitu kitachanganyika, na bado kiazi kitabaki cheupe. Safari hii aliyekuwa akisubiri nyuma ya ukuta naye ameshapoteza umbo lake.