Je, wajua kwa nini taka za nyuklia hazichomwi zikaisha?

Takataka nyingi moto huzimaliza. Za nyuklia hauziwezi. Kuchoma kitu ni kuachanisha atomi zake na kuzipanga upya, ndiyo maana ukuni hugeuka moshi na majivu. Mionzi haitokani na mpangilio huo. Inatoka kwenye kiini cha atomi, na moto haufiki huko. Ukiichoma sesi-137, mojawapo ya mabaki yenye mionzi katika taka hizo, itapanda na moshi ikiwa sesi-137 ileile, na itaendelea kutoa mionzi popote upepo utakapoitua.

Chukua kidonge kimoja cha fueli ya kinu cha nyuklia, yaani mtambo unaopata joto kwa kupasua viini vya atomi. Ni kipande cheusi cha urani, kidogo kama ncha ya kidole, na vidonge vya namna hiyo hupangwa kwa mamia ndani ya mirija ya metali yenye urefu wa mita 4 hivi. Kikiwa kipya, unakishika kwa glavu tu. Kikishakaa kinuni miaka kadhaa, viini vyake vikipasuka na kutoa joto, hakishikiki tena: ukisimama karibu na fungu la mirija hiyo bila kinga, dakika chache zinatosha kukuua. Na bado takriban asilimia 95 ya uzito wake ni urani. Hatari kubwa imo katika kile kidogo kilichosalia, yaani vipande vya viini vilivyopasuka, pamoja na plutoni, elementi nzito inayozaliwa kutokana na urani humo kinuni.

Dawa yake ni muda. Sesi-137 hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Gawa kwa mbili mara kumi: baada ya miaka 300 imebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Plutoni-239 huchukua miaka 24,000 kupungua nusu ya kwanza tu. Kwa hiyo kila nchi yenye vinu inangoja, na tofauti ni mahali pa kungojea.

Kwanza ni bwawani. Fueli iliyotoka kinuni huzamishwa ndani ya maji miaka kadhaa, na maji hayo huipoza na kuzuia mionzi, hata mfanyakazi akaweza kusimama ukingoni akiangalia mng'ao wa buluu chini yake. Kisha huhamishiwa kwenye makasha mazito ya chuma na zege.

Marekani imekwama hapo. Sheria ya 1982 iliahidi kwamba serikali ingeanza kuzichukua taka hizo 1998, na mlima Yucca huko Nevada ukachaguliwa 1987 kuwa mahali pa kuzizika, lakini mradi ukanyimwa fedha. Takriban tani 90,000 zingali zimetawanyika katika majimbo mengi. Naliona hilo kuwa deni walilorithishwa watoto ambao hawakuulizwa. Ufaransa, kule La Hague, huyeyusha fueli kwa asidi, ikatenga urani na plutoni, na mabaki makali ikayagandisha ndani ya kioo. Kioo hicho nacho kinasubiri kaburi la kudumu chini ya ardhi. Ujerumani iliharakisha: kati ya 1967 na 1978 ilishusha mapipa zaidi ya 120,000 ya taka zisizo kali sana katika mgodi wa zamani wa chumvi uitwao Asse. Maji yameingia mgodini, na sasa inabidi mapipa yatolewe.

Finland imechimba Onkalo, mahandaki ya kuzikia fueli iliyotumika, yaliyo zaidi ya mita 400 chini, ndani ya mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Mpango ni fueli ifungwe ndani ya mitungi ya shaba, na kila mtungi uzungushiwe udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, ili maji yasipate upenyo.

Je, mwamba unaweza kutunza taka hizo muda wote huo kweli? Mwaka 1972 wanasayansi wa Ufaransa waligundua kwamba urani ya Oklo, nchini Gabon, ilikuwa imepungukiwa na aina ile inayopasuka. Takriban miaka bilioni 2 iliyopita, maji yalipopenya kwenye mashapo ya urani, ardhi yenyewe iliwasha kinu na kukiendesha kwa mamia ya maelfu ya miaka. Plutoni iliyozaliwa pale, bila mtungi wala zege, ilimalizikia karibu palepale ilipozaliwa.