Mwacheni binti ainue mguu: dhana potofu kuhusu netiboli

Kila michezo ya UMITASHUMTA, ile ya shule za msingi, inapokaribia, ukipita kwenye viwanja vya shule kuanzia Mikindani hadi Masasi utasikia kelele ileile kutoka pembeni: "Umeshadaka, ganda hapohapo! Usiinue mguu!" Anayepiga kelele akiwa mzazi navumilia. Lakini mara nyingi ni mwalimu wa michezo, tena ana filimbi shingoni. Nimechoka kuwafundisha upya mabinti wa kidato cha kwanza jambo walilofundishwa vibaya tangu darasa la nne.

"Ukidaka mpira, hairuhusiwi kuinua mguu"

Si kweli. Kanuni inaangalia mguu uliotua kwanza. Binti akiruka, akadaka hewani, akatua kwa mguu wa kushoto, huo ndio wa kuchungwa. Wa kulia uko huru: aupeleke mbele, nyuma, pembeni, mara nyingi apendavyo, huku akizungukia ule wa kushoto. Na hata wa kushoto wenyewe anaweza kuuinua, mradi mpira uwe umemtoka mikononi kabla mguu haujagusa chini tena. Kilichokatazwa ni kuurudisha chini akiwa bado na mpira, kuuburuza, au kurukaruka kwa mguu mmoja. Akitua kwa miguu yote miwili kwa pamoja, anachagua mwenyewe upi wa kusogeza, na ule unaobaki unahesabiwa kama ndio uliotua kwanza.

Sasa angalieni hasara ya kuganda. Binti anadaka mpira akiwa amelipa goli mgongo, na anabaki hivyohivyo. Ama anaurudisha mpira ulikotoka, ama anajipinda kiuno kumtafuta mwenzake, na pasi inaenda dhaifu hadi mlinzi wa upande wa pili anaifuata kwa kutembea. Anaruhusiwa kukaa na mpira sekunde 3 tu, na mbili zinaishia kwenye woga wa filimbi. Aliyeijua kanuni anatua, anageuka, anapiga hatua kuelekea anakorusha, na uzito wa mwili wote unaingia kwenye pasi. Hatua hiyo ndiyo inayoifikisha mbali pasi ya kifua ya mtoto wa miaka 12. Mikono peke yake haitoshi.

Halafu kuna magoti, na hapa ndipo ninapokasirika kweli. Kumtaka mtoto anayekimbia kwa kasi agande ghafla, goti limenyooka, ni kuziweka kano za goti lake hatarini. Wasichana wanaobalehe huumia kano hizo zaidi ya wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka, na si jeraha la kukandwa kwa maji ya moto likaisha. Kabla ya kufundisha kurusha, fundisheni kutua: goti likunjwe, lielekee vidole vinakoelekea, lisiingie ndani, na mguu wa pili ufuate kupunguza kasi. Hiyo hatua ya pili mnayoipigia kelele ndiyo inayomlinda.

Zoezi langu linatumia mchanga. Viwanja vyetu vingi hapa Mtwara ni vya mchanga na watu wanavilalamikia, ila mimi navipenda kwa kazi hii. Fagia eneo la mita tatu au nne, mrushie binti mpira, adake, atue, ageuke, arushe. Kisha inameni wote wawili mtazame chini. Mguu uliotua kwanza unatakiwa uwe umeacha alama moja tu, na mbele yake, pale wayo ulipozungukia, mchanga umechimbika kaduara kadogo. Mkiona mfereji, ameburuza. Mkiona alama mbili za mguu uleule, ametembea na mpira. Ubishi unaisha hapohapo, na mtoto anajirekebisha mwenyewe. Fanyeni hivyo mwanzo wa kila mazoezi. Sikubali hoja ya kukosa muda, maana muda wa kukimbia raundi kumi za kiwanja upo siku zote.

"Mlinzi asimkaribie mwenye mpira"

Umbali halali wa kumzuia mwenye mpira ni futi 3, yaani sentimita 90, nao hupimwa chini, kuanzia pale mguu wa mwenye mpira ulipotua hadi mguu wa mlinzi ulio karibu zaidi. Mlinzi anaweza kusimama ndani ya hapo, ila mikono ishuke na asijaribu kuzuia. Na mwenye mpira akipiga hatua kumsogelea mlinzi aliyekuwa kwenye umbali halali, mlinzi hana kosa. Kateni kijiti cha sentimita 90 mkae nacho mazoezini.

"Wakigusana tu, filimbi"

Hapana. Kosa ni mgusano unaomzuia mpinzani kucheza. Mabega yanayokutana wakati wote wawili wanaugombea mpira kihalali si lazima yasimamishe mchezo.

"Aliye mrefu kuliko wote awe GS (mfungaji mkuu)"

Pete ya goli iko mita 3.05 kutoka chini. Hakuna binti wa darasa la sita anayeikaribia, awe mrefu vipi. Bao linatengenezwa na magoti, kiwiko na kiganja. Mkimfunga mtoto kwenye nafasi hiyo kwa miaka mitatu, anaishia kuijua theluthi moja tu ya kiwanja. Wabadilisheni nafasi zote saba, na kwa wadogo shusheni pete, tumieni mpira namba 4.

"Senta, ingia ufunge!"

Senta haingii kwenye nusu duara la goli, lile lenye nusu kipenyo cha mita 4.9. Wanaofunga ni GS na GA, mshambuliaji anayemsaidia, basi.

"Kudunda mpira ni marufuku"

Mara moja inaruhusiwa, ili kuumiliki.

"Ni mchezo wa shule tu, unaishia darasa la saba"

Hii huwa ya wazazi. Kombe la Dunia la 2023 lilichezwa Cape Town, na Uganda wakamaliza nafasi ya tano. Mwai Kumwenda, mfungaji kutoka Malawi, ng'ambo tu ya Ziwa Nyasa, alicheza ligi ya Australia akiwa na Melbourne Vixens. Wanaume nao wana timu za taifa katika nchi kadhaa, kwa hiyo kaka zao wakiomba kucheza msiwafukuze kiwanjani.

"Hatuna mpira wa netiboli, ndiyo maana hatufanyi mazoezi"

Mpira wa netiboli namba 5 una mzingo wa sentimita 69 hadi 71. Wa miguu namba 5 ni 68 hadi 70, na uzito unakaribiana. Unateleza zaidi mikono ikilowa jasho, basi wekeni kitambaa pembeni cha kuufutia. Shule iliyo na mpira wa wavulana ina mpira wa mazoezi.