Kibali cha kaunti hakijui mikono yako

Wanaotaka kufungua chumba cha masaji Nyali au Bamburi, hapa Mombasa, huniuliza leseni ya mkandaji hutolewa wapi. Jibu huwavunja moyo. Kenya haina baraza la wakandaji. Wauguzi wana lao, madaktari wana lao, wanafiziotherapia wana lao kwa sheria ya 2014. Lakini anayekanda mabega yaliyokaza, au anayebonyeza nyayo kwa rifleksolojia, hana ofisi ya kumpa namba ya usajili wa kazi hiyo. Atakachokuwa nacho ni karatasi kadhaa, kila moja na shughuli yake, na wengi huzichanganya.

Kibali cha biashara cha Kaunti ya Mombasa, kile cha kuhuishwa kila mwaka, kinahusu biashara na mahali pake. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti leseni za biashara, kisha ikaongeza maneno ambayo watu huyaruka: isipokuwa udhibiti wa taaluma. Basi kaunti itakuuliza habari za choo, maji, usafi na zimamoto. Kama unajua kugusa shingo ya mtu bila kumvunja, hilo halimo. Wako wanaokitundika ukutani juu ya orodha ya bei kana kwamba ni diploma, na mteja asiyejua huamini. Mimi naona huko ni kumhadaa.

Mikono yako itasemewa na cheti cha mafunzo. Kabla hujalipa karo, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, na uliza kama mwisho wake kuna mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, au wa chombo kingine kinachotambulika. Tangazo la "kozi ya wiki mbili, cheti cha kimataifa" lipite tu.

Jambo linalowatia watu mashakani zaidi ni ubao wa nje. Ukiandika "masaji ya kutuliza mwili", uko upande wa starehe na urembo. Ukiandika "tunatibu kiharusi na mishipa ya mgongo", umeingia kwenye kazi ya fiziotherapia, na kuifanya bila usajili na leseni ya baraza lao ni kosa la jinai. Ukipaita mahali pako "kliniki", jiandae kuulizwa na KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, ambalo ndilo linalosajili vituo vya afya.

Rifleksolojia huponza watu hapo kwa sababu ya ile ramani ya nyayo: hapa ini, hapa figo, hapa moyo. Ilienezwa na Mmarekani Eunice Ingham katika miaka ya 1930. Naitumia kupanga kazi yangu, na wateja hulala usingizi mzito, lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba kubonyeza unyayo kunaponya figo. Anayetangaza kutibu kisukari kwa nyayo ananitisha kuliko wote. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuwa amekufa ganzi miguuni. Ukimbonyeza kwa nguvu ukamchubua hatasikia, na kidonda kikishaanza huwa kigumu kupona.

Wengine hujikinga na Sheria ya Afya ya 2017 kwa kuwa imezitaja tiba asili na tiba mbadala. Kutajwa si kupewa leseni. Najua mtaniuliza, je, bibi wa Mji wa Kale anayemkanda mzazi kwa maji moto katika arubaini yake? Huyo huitwa nyumbani kwa sifa yake, na sijasikia mtu akimdai karatasi. Siku akikodi chumba na kuandika bei mlangoni, kaunti itabisha hodi.

Hoteli za ufuoni huenda zikakutaka pia cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi ya polisi, unachokiombea eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Usichukie. Jina la masaji limechafuliwa, na Kanuni ya Adhabu inaweza kumkamata hata mwenye nyumba anayepangisha chumba huku akijua kitafanywa danguro. Ndiyo sababu ukimtajia masaji mwenye nyumba hukunja uso. Mpeleke aone chumba chenyewe, na usitie komeo kwa ndani.

Wageni nao huja na mazoea ya kwao. New York mkandaji husoma saa 1,000 na kufanya mtihani ndipo apewe leseni. London kuna mitaa ambayo halmashauri hutoa leseni ya jengo. Mgeni akiuliza "una leseni?", mwambie ukweli: sheria ya Kenya haitoi ya mkandaji, hiki ni cheti changu cha mafunzo, na hiki ni kibali cha biashara. Sijaona aliyeondoka kwa jibu hilo.

Baada ya hapo mpe fomu. Muulize ujauzito, presha, homa, donge la damu mguuni, dawa anazotumia. Akitaja donge la damu, usimkande. Mwelekeze kwa daktari. Fomu yenyewe ifungie kabatini, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na daftari lililoachwa wazi mapokezini linaweza kukuletea kesi.