Siku ndefu kuliko zote Kilimanjaro: dhana potofu na ukweli

Tangu Alexander Nyirenda apandishe bendera na mwenge kileleni Desemba 1961, mwezi huo una maana yake Kilimanjaro. Watanzania wengi hupanda wakati huo kuadhimisha Uhuru, nami hufurahi sana kuwaona langoni, wamebeba bendera, wanaimba. Lakini pale pale langoni husikika pia maneno ambayo humponza mtu siku chache baadaye, siku ile ya kutoka kambi ya Barafu saa sita usiku, kufika kilele cha Uhuru kunapopambazuka na kushuka hadi kambi ya Mweka alasiri. Nazungumzia hasa wanaopita njia za Machame au Lemosho.

"Nakimbia kila asubuhi, mlima hauniwezi."

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote, maana wanaolisema ni vijana wenye afya njema. Mazoezi huimarisha miguu na moyo. Hayakuambii mwili wako utaupokeaje mwinuko.

Wengi hudhani oksijeni huisha kule juu. Sehemu yake katika hewa ni ile ile, asilimia 21, Kigamboni na Uhuru. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe: kwenye mita 5,895 umebaki karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili una namna ya kujirekebisha, ila unataka siku. Kwanza unapumua haraka zaidi. Kisha figo zinabadili hali ya damu ili upumuaji huo uweze kuendelea hata usingizini. Kuongeza chembe nyekundu za damu ni kazi ya wiki kadhaa, wala safari yako haifiki huko. Sasa mwenye nguvu anakwenda mbio, anafika kambini wa kwanza, na siku ambazo mwili unazihitaji amezikata mwenyewe kwa kuchagua safari fupi ili aokoe fedha. Ndiyo maana waongozaji husema "pole pole" kutwa nzima. Ukiwa huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, umezidisha mwendo, hata kama miguu inaona ni mchezo.

Kwa sababu hiyo hiyo njia hizi mbili hukupitisha kwenye mwamba wa Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, halafu zikakushusha kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000. Wengi hunung'unika siku ile: kwa nini tupande kisha tushuke? Mwili umeonjeshwa urefu, kisha umepewa usiku wa kupumzika chini yake.

"Sisi wa Moshi tumezaliwa nao."

Mji wa Moshi uko kwenye mita 900 hivi. Kuuona mlima kila asubuhi hakuufundishi mwili kitu. Wagumu wanaobeba mizigo yetu nao huugua ugonjwa wa mwinuko. Aliyezoea ni yule anayepanda mara kwa mara, naye akikaa nyumbani wiki kadhaa mazoea yale humtoka. Ukimwona mgumu ameinama kando ya njia ameshika kichwa, mwulize hali, na umwambie mwongozaji. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kukosa ujira.

"Nimekunywa dawa ya kichwa, nimepona, twende."

Mzee mmoja tuliyekuwa naye alisema hivyo hivyo, tukiwa kama katikati ya Barafu na Stella Point, pale ukingoni mwa kreta. Glovu ilimdondoka. Akaitazama pale chini kwenye mwanga wa tochi yake, wala hakuinama kuiokota. Mwongozaji aliliona hilo kabla yetu sote. Akachora mstari ardhini kwa fimbo, akamwomba autembee, kisigino kikigusa ncha ya kiatu cha nyuma. Hatua ya tatu mzee akayumba kama mlevi.

"Mzee wangu, tunashuka sasa hivi."

"Bendera ninayo mimi, kijana."

"Naiona, mzee. Nipe begi nikubebee."

Akamshika mkono, wakageuka. Tulipomkuta Barafu asubuhi alikuwa anakunywa chai, maneno yake yamenyooka.

Kuyumba na kuchanganyikiwa ni dalili ya ubongo kuvimba. Dawa ya maumivu ilikuwa imeficha kichwa tu, ugonjwa ukaendelea kukua. Dawa iitwayo Diamox huusaidia mwili kuzoea mapema, oksijeni ya chupa hununua muda. Tiba yenyewe ni kushuka, usiku huo huo, bila kungoja kuche. Vivyo hivyo kwa anayehema akiwa amekaa, au kukohoa makohozi yenye povu: hayo ni mapafu yanayojaa maji.

"Tunaanza usiku ili tuone jua likichomoza."

Jua ni zawadi tu. Usiku changarawe za volkano huwa zimegandamana, mguu unashika. Mchana zinalegea na kila hatua inakurudisha nyuma. Mawingu nayo hupenda kufunga baadaye. Na unahitaji mchana wote wa kushukia.

"Pombe kali kidogo inapasha mwili joto."

Inapasha ngozi, na joto la ndani linatoka. Beba chai ya moto. Chupa ya maji ivalishe soksi na uigeuze kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu. Mpira wa kunyonyea maji mara nyingi huziba kwa barafu kabla ya Stella Point.

"Nikifika Uhuru nimemaliza."

Hesabu mwenyewe. Kutoka Barafu hadi Uhuru unapanda mita 1,200 na ushee. Kutoka Uhuru hadi Mweka, iliyoko kwenye mita 3,100 hivi, unashuka karibu mita 2,800, tena siku hiyo hiyo, bila usingizi, na magoti ndiyo yanayopokea uzito wote. Wengi huteleza hapa, furaha ikiwa bado kichwani. Kata kucha za miguu kabla ya safari, kaza kamba za viatu kabla ya kuanza kushuka ili vidole visigonge mbele, refusha fimbo, na ule kitu Barafu hata kama hamu haipo. Ukifika Mweka, vua soksi uangalie vidole kabla ya kulala. Kesho yake kuna msitu mzima wa kushuka hadi langoni, na njia huwa na tope.