Umeme wa sola wa kuuza gridini: yanayosemwa na yalivyo

Paneli kumi za wati 550 zikipanda juu ya bati, hesabu ya haraka huwa hivi: wati 5,500 mara saa 12 za mchana, uniti 66 kwa siku, nyumba inakula 12, zinazobaki 54 zinauzwa. Mfumo huo huo, mahali penye jua zuri, hutoa uniti kama 21. Pengo la uniti 45 ndilo linalozaa malalamiko mengi ya "sola imenidanganya", na mara nyingi paneli zenyewe hazina kosa lolote.

"Paneli ya wati 550 inatoa wati 550 mchana kutwa"

Namba ya kwenye kibandiko cha nyuma ilipimwa maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzijoto 25. Asubuhi na jioni mwanga haufiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo fundi anayejua kazi huhesabu saa za jua kamili, yaani mwanga wote wa siku ukikusanywa kama vile ungekuwa wa wati 1,000 mfululizo, unajaza saa ngapi. Sehemu nyingi zenye jua hupata kati ya 4 na 6. Chukua 5: kilowati 5.5 mara 5 ni uniti 27.5. Joto, vumbi, nyaya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi, yaani wa nyaya za shirika la umeme) humeza karibu robo. Zinabaki 21.

"Joto likizidi, umeme unazidi"

Paneli inataka mwanga. Joto ni adui yake. Kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza nguvu kwa asilimia 0.3 hadi 0.4, kutegemea aina ya seli. Seli zikifika nyuzi 65, jambo la kawaida juu ya bati saa saba mchana, paneli ya 550 inabaki na kama wati 473. Ndiyo maana reli zinatakiwa kuinua paneli sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye bati, ili hewa ipite chini. Fundi anayelaza paneli moja kwa moja juu ya bati "ili upepo usiingie" anakunyima umeme kila siku, na upepo wenyewe hauzuiwi hivyo: unazuiwa kwa skrubu zilizoshika mbao za kenchi au papi. Bati tupu haliwezi kushikilia paneli.

Ukifuatilia simu yenye programu ya inveta utaona namba za juu kabisa zinatokea siku yenye mawingu ya vipande. Kivuli cha wingu kimepoza paneli, kisha jua linatokeza ghafla, na kingo za wingu zinaakisi mwanga wa ziada. Dakika mbili, halafu basi.

"Kivuli kidogo kinapunguza kidogo"

Seli ndani ya paneli zimefungwa mfululizo, kama shanga kwenye uzi mmoja, na paneli nazo zimefungwa mfululizo kwenye mnyororo. Mkondo wa uzi mzima hufuata seli dhaifu kuliko zote. Dayodi tatu za nyuma ya paneli, vipande vinavyoupa mkondo njia ya pembeni, huokoa hali kwa kuliruka kundi lenye kivuli, lakini maana yake ni kwamba jani moja lililoganda juu ya seli moja linaweza kuzima theluthi ya paneli. Kagua paa kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, na kagua tena miezi sita baadaye, kwa sababu jua huhama. Bomba la tangi la maji lisilotupa kivuli kwenye paneli mwezi huu linaweza kukitupa mwezi mwingine. Kivuli kisipokwepeka, tumia inveta ndogo za kila paneli, au gawa mnyororo kwa pande mbili za paa, kila upande kwenye ingizo lake la inveta.

"Gridi ikikatika, mimi nitawaka"

Hutawaka, kama inveta yako ni ya gridi tupu, isiyo na betri. Umeme ukikatika, inveta hiyo inatakiwa kujizima yenyewe ndani ya sekunde chache. Kiwango cha wahandisi cha kuunganisha mitambo na gridi, IEEE 1547, kinatoa sekunde 2. Si ubovu. Huko barabarani kuna mafundi wanaoshika nyaya wakiamini hazina umeme, na paa lako halipaswi kuwapelekea volti 230 kwa nyuma.

Anayetaka taa wakati wa giza anunue inveta ya haiburidi, inayofanya kazi na gridi na betri pia, yenye njia mbili za kutokea, moja ya gridi na moja ya dharura, pamoja na betri. Njia ya dharura ifungiwe taa, friji na vitu vya lazima pekee, kwenye boksi lake la breka. Pasi na hita ya maji zibaki upande wa gridi.

"Nitauza kwa bei ile ile ninayonunulia"

Hapa ndipo mifuko inapotoboka. Imani hii haikutoka hewani. Ujerumani ilianzisha sheria ya bei maalumu mwaka 2000, na kwa sola ikalipa zaidi ya mara mbili ya bei aliyokuwa akinunulia mteja wa kawaida, kwa mkataba wa miaka 20. Habari ilienea duniani, lakini mikataba ya wale wa kwanza ilikwisha mwishoni mwa 2020, na waliofunga baadaye walikuta bei ya chini mno. California nayo mwezi Aprili 2023 iliacha kuwahesabia wateja wapya wa mashirika yake makubwa uniti kwa uniti, ikaanza kuwalipa kulingana na thamani ya umeme wa saa ile. Mchana kila paa linapouza, thamani hiyo huwa ndogo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya paneli, uliza shirika lako la umeme linatumia mfumo upi. Kuna la uniti kwa uniti: ulizotoa zinakatwa kwenye ulizochukua. Kuna la bei mbili, ya kununua na ya kuuza. Na kuna la bei maalumu kwa miaka kadhaa. Uliza pia salio la uniti linaisha muda lini, na hesabu inafungwa kila mwezi, kila saa, au papo kwa papo. Swali la mwisho ndilo watu hulisahau.

Tuseme uniti ya kununua ni 30 na ya kuuza ni 10. Paa linatoa 21. Nyumba inatumia 6 mchana, 15 zinaenda nje: umeokoa 180 na kuuza 150, jumla 330. Sasa hamishia mchana uniti 5 zilizokuwa zikitumika usiku, yaani pampu ya kisima, pasi, mashine ya kufulia. Unatumia 11, unauza 10: 330 kuongeza 100, jumla 430. Paneli ni zile zile. Kilichobadilika ni saa ya kuwasha pampu. Ukubwa wa mfumo basi upimwe kwa bili za miezi 12 na matumizi ya mchana. Anayejaza paa lote kwa sababu nafasi ipo, wakati bei ya kuuza iko chini, anafuga mifugo ya kugawa bure.

Wenye nyaya za fezi tatu waongeze swali moja: mita inajumlisha fezi zote, au kila fezi peke yake? Mita ya aina ya pili, ikikutana na inveta ya fezi moja, itakuandikia umeuza kwenye fezi nyekundu na umenunua kwenye ya njano dakika hiyo hiyo.

"Mita iliyopo itarudi nyuma yenyewe"

Za zamani zenye kisahani kinachozunguka zilikuwa zikirudi nyuma kweli. Nyingi za kielektroniki hazirudi, na baadhi za tokeni ni hatari zaidi: umeme ukitoka nje zinauhesabu kama ulioutumia, au zinadhani umechezea mita na kufunga. Yaani unatoa umeme na unaulipia. Inahitajika mita ya pande mbili, yenye rejista ya ulichochukua (kwenye kioo huandikwa 1.8.0) na ya ulichotoa (2.8.0). Kabla haijafungwa, inveta iwekwe kwenye hali ya kutotoa umeme nje kabisa, kwa kutumia kile kipete cha kupimia mkondo kinachovishwa kwenye waya mkuu. Kipete kina mshale. Kikivishwa kinyume, inveta inasoma matumizi kama mauzo na inafanya kila kitu upande wa pili.

"Inveta inajizima saa sita mchana, hiyo ni mbovu"

Inveta inarudishwa dukani, inaletwa nyingine, nayo inajizima saa ile ile. Shida iko kwenye waya.

Ili umeme utoke nyumbani kwenda gridini, volti ya inveta lazima iwe juu kidogo ya volti ya gridi, kama maji yanavyohitaji mteremko. Waya mwembamba au mrefu unadai mteremko mkubwa. Inveta ya kilowati 5 inasukuma ampia 22 hivi. Ikiwa iko mita 30 kutoka kwenye mita, umeme unapita mita 60 za waya, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 4 una ukinzani wa omu 4.6 kwa kilomita, basi mita 60 ni omu 0.28, na volti zinapanda 6. Waya wa milimita 10 unapandisha 2.4 tu.

Gridi ya volti 230 kwa kawaida ina kikomo cha 253. Kama jirani zako nao wana sola, mchana gridi inaweza kufika 249 kwenye mita yako. Kwa waya wa 4, inveta inajikuta kwenye 255: inajizima, inasubiri dakika moja hadi tano, inarudi, inajizima tena, na saa zote nzuri za jua zinaisha hivyo. Kwa waya wa 10 iko kwenye 251 na kitu, inaendelea na kazi. Fundi atakwambia waya wa 4 unabeba ampia 22 bila kupata moto na breka haijaruka. Ni kweli, lakini swali halikuwa hilo.

Dawa mbaya ni kuingia kwenye mipangilio na kupandisha kikomo hadi 265. Friji na taa za ndani zitakula volti hizo hizo, na mkataba wako na shirika utakuwa umevunjwa. Dawa nzuri ni kusogeza inveta karibu na mita au kuongeza unene wa waya. Volti ikiwa tayari iko juu hata inveta ikiwa imezimwa, peleka vipimo kwa shirika warekebishe transfoma.

"Breka ni breka"

Umeme wa AC, ule wa gridi unaobadili mwelekeo kila mara, hupita kwenye sifuri mara 100 au 120 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ya breka inapofunguka hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa DC wa paneli, unaokwenda upande mmoja tu, haupiti sifuri: cheche ikishika, inaendelea hadi plastiki iyeyuke. Upande wa paneli tumia breka na swichi za DC, na soma maandishi, maana baadhi zina upande wa chanya na hasi. Zikigeuzwa hazizimi cheche. Konekta zote mbili za kila kiungo ziwe za mtengenezaji mmoja, zibanwe kwa koleo lake. Zile "zinazoingiliana" za watengenezaji tofauti huingia vizuri tu, kisha hupata moto polepole kwa miezi. Usichomoe kiungo chochote mkondo ukiwa unapita.

Na piga hesabu ya baridi. Paneli kumi zenye volti 49.5 kila moja bila mzigo ni volti 495, na mtu anaona inveta ya kikomo cha 500 inatosha. Asubuhi ya nyuzi 5, volti hupanda kwa asilimia 5 hivi, zinafika 520. Inveta inakufa, na dhamana haihusiki.

"Ukishafunga, umemaliza"

Karibu. Paneli hupoteza takriban nusu asilimia kwa mwaka. Inveta ndiyo itakayohitaji kubadilishwa, mara nyingi kati ya miaka 10 na 15, na gharama hiyo iwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Osha asubuhi kwa maji na kitambaa laini. Maji baridi kwenye kioo cha saa saba mchana yanaweza kukipasua, na anayekanyaga paneli anaacha nyufa ndani ya seli ambazo jicho halizioni.

"Nitawasha kwanza, kibali kitafuata"

Mpangilio ni huu: barua ya maombi pamoja na mchoro wa mfumo na cheti cha inveta, kibali, ufungaji, ukaguzi, mita mpya, mkataba, kisha kuwasha. Ukianza kutoa kabla ya mkataba, uniti zinaenda bure au unakatiwa umeme.

Siku ya kuwasha, usimwache mkaguzi aondoke kabla ya jaribio hili. Saa sita mchana zima kila kitu ndani ya nyumba, simama mbele ya mita dakika kumi: 2.8.0 ipande, 1.8.0 isimame. Kisha zima inveta, washa pasi na birika kwa pamoja: 1.8.0 ipande, 2.8.0 isimame. Zikifanya kinyume, nyaya za kuingia na kutoka kwenye mita zimebadilishana, na ni afadhali zirekebishwe papo hapo, kabla ya bili ya kwanza.